Nusu ya Kila Wimbo

Katika miaka thelathini ya ndoa yake, Elsie Adero hajawahi kusikiliza wimbo hadi mwisho akiwa sebuleni na mumewe. Si kwamba Lazarus Ojwang hapendi muziki. Anaupenda kupita kiasi, na hilo ndilo linalomuudhi mkewe. Asubuhi hata mswaki hajaushika, redio imeshawashwa. Wimbo ukianza anatikisa kichwa, anamtaja mpiga besi kana kwamba walikaa dawati moja, anaongeza sauti. Halafu gitaa zikifika pale zinapopanda, pale ambapo mtu mwenye akili zake huweka kikombe chini akasimama acheze, mkono wa Lazarus unakwenda kwenye kitufe na stesheni inabadilika.

"Baba Bev, wacha iishe," Elsie humwambia.

"Hiyo naijua. Huko mbele hakuna kitu."

Benga za miaka ya themanini alizokuja nazo kutoka Ugenya alizikata katikati. Rumba za Wakongo zilizopigwa redioni jioni, zile ndefu ambazo mwimbaji hulalamika kwanza kisha gitaa zikamjibu, alizikata kabla ya jibu. Watoto walipoingia ujana na kuleta nyumbani rap za Sheng, mwanawe Melvin akirukaruka juu ya kochi na suruali imeshuka, baba yao alinung'unika dakika ya kwanza, akagonga mguu dakika ya pili, ya tatu akazima. Siku hizi bintiye Beverlyne hupiga amapiano jikoni akikaanga vitunguu, na Lazarus husimama mlangoni akisubiri ile ngoma nzito iingie. Ikiingia tu, anakumbuka kwamba ana jambo getini. Amestaafu kutoka kiwanda cha saruji, hana bosi wala zamu, na bado ana haraka. Nailantei, mama anayewaletea maziwa, amechoka kumsalimia. Lazarus akimwambia "Sopa," salamu ya Kimaasai, kabla mama wa watu hajafungua kinywa kujibu, mgongo wa mzee umeshafika kwenye tangi la maji.

Kitengela nzima inasema ni tabia yake tu. Mimi nasema ni woga, na woga huo una siku yake na mahali pake.

Siku yenyewe Elsie huisimulia vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ameisimulia mara mia. Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa tisini na tatu, Athi River, katika baa moja yenye ukumbi wa mabati. Elsie alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi za kiwanda, na siku hiyo alivaa gauni la kijani aliloshonewa na shangazi yake. Bendi ilikuwa imetoka Nyanza, bendi ndogo ambayo haikuja kupata jina. Basi kwa Wajaluo, bendi ikipiga, mtu mwenye lake moyoni huisimamisha. Analipa kidogo, gitaa zinashushwa, na maneno yake yanasemwa mbele ya ukumbi mzima: anajisifu mwenyewe, au anamsifu rafiki, au anamsifu msichana. Kisha muziki unarudi kwa kishindo. Desturi hiyo inaitwa pakruok, na mtu aliyewahi kutajwa ndani yake hasahau hadi anazeeka.

Alasiri hiyo gitaa zilishushwa, na kiongozi wa bendi akasema kwenye kipaza sauti: "Lazarus Ojwang, kijana wa Gem, anasema Adero, binti ya Alego, akipita getini pale kiwandani mashine za saruji zinajizima zenyewe zimtazame." Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Elsie akageuka, akamwona kijana mrefu wa idara ya kupakia mifuko amesimama mlangoni, jasho linamtoka, macho yamemtoka zaidi.

"Na huyu si mtu wa Gem," Elsie humalizia kila mara, akimpiga mumewe begani. "Ni wa Ugenya. Alinipenda mpaka akasahau kwao."

Hapo watu hucheka, na Lazarus hutafuta kitu cha kufanya na mikono yake.

Kuna kipande ambacho Elsie hukisema kwa sauti ya chini, kwa marafiki wa karibu tu. Wakati huo alikuwa na mchumba mwingine, mwalimu wa Siaya, mpole, mwenye cheti na baiskeli mpya. Alimwacha kwa sababu ya dakika ile moja. Aliwaza kwamba mwanamume asiyeweza kumtaja mbele ya watu hataweza kumtetea mbele ya ndugu zake. Lazarus alimtaja, na Lazarus akamwoa.

Sasa ukweli. Maneno yale hayakuwa ya Lazarus. Yeye alikuwa amemtazama Elsie saa mbili nzima bila kuthubutu hata kumsogelea, akakata tamaa, akatoka nje kwenda zake. Alikuwa ameshafika langoni. Aliyekwenda jukwaani ni rafiki yake Gakuru, Mkikuyu wa watu, dereva wa folklifti pale kiwandani, aliyekuwa amechoka kumsikia mwenzake akilitaja jina la Adero kila wakila chakula cha mchana. Gakuru alikuwa ameandamana naye Jumapili nyingi hadi akaijua desturi, ila hakuijua yote. Hakujua kwamba Gem na Ugenya ni watu wawili tofauti, na kwamba Mjaluo atasahau kiatu lakini hatasahau kwao. Akalipa, akasema Gem. Lazarus akasikia jina lake likitoka ndani, akarudi mbio kuangalia ni nani anamfanyia mchezo, na alipofika mlangoni msichana wa gauni la kijani alikuwa amegeuka, anamtabasamia.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Alinyamaza. Akanyamaza wiki hiyo, akanyamaza siku ya harusi, na baada ya hapo kunyamaza kukawa kazi.

Pengine angesahau, lakini Gakuru alikuwa na redio kaseti aliyoipenda sana, na siku ile alikuwa ameiweka juu ya jukwaa, karibu na miguu ya kiongozi wa bendi, inarekodi. Kanda hiyo aliileta kama zawadi ya harusi, ameandika juu yake kwa kalamu: Ojwang na Adero, Athi River. Lazarus aliisikiliza akiwa peke yake, mara moja tu. Kaseti ilikuwa imenasa yale ambayo ukumbi haukuyasikia, mazungumzo ya chini kati ya Gakuru na kiongozi wa bendi. Aliitoa upesi, akamwambia bibi harusi kwamba redio imeila. Kuichoma hakuweza. Wimbo ule haukurekodiwa mahali pengine popote, na alikuwa anaupenda kuliko nyimbo zote alizowahi kusikia. Aliifunga kanda kwenye soksi, akaificha chini ya spana. Tangu hapo, gitaa za wimbo wowote zikikaribia kupanda, zikikaribia ile sehemu ya kutaja watu, mkono wake unakwenda kwenye kitufe.

Mwaka huu, wiki ya kuadhimisha miaka thelathini ya ndoa yao, Beverlyne alitafuta bisibisi ya kufunga plagi. Akarudi sebuleni ameshika soksi.

"Dad, hii ni nini? Mbona umefichia kaseti huku?"

Elsie akaichukua, akasoma maandishi ya Gakuru, akamtazama mumewe.

"Wewe si uliniambia redio iliila hii?"

"Nilidhani iliila."

"Ikaitapika, ikaenda yenyewe ikaingia kwa soksi."

Mkewe hakungoja jibu. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Alikuwa ameshajipa jibu lake: mumewe alimwekea zawadi ya kumshtukiza, miaka yote hiyo, na watoto wameharibu. Alimshika mkono, jambo ambalo halifanyi mbele ya watoto, akasema, "Jumamosi tutaipiga mbele ya kila mtu." Siku hiyo hiyo Beverlyne aliipeleka kwa Ngigi, fundi wa simu karibu na soko, ambaye ana deki ya zamani na huhamisha kanda za watu zikae kwenye simu.

Lazarus hakulala vizuri. Asubuhi alifika kwa Ngigi kabla mabati ya duka hayajafunguliwa, akazunguka jengo mara tatu, akanunua gazeti asilolisoma.

"Mzee, umeniamkia," Ngigi alisema akifungua kufuli. "Yenu nilimaliza jana. Hiyo ngoma ni noma, aki. Hizo gitaa siku hizi hakuna mtu anaweza. Ebu sikiza."

Akamvisha spika za masikioni. Wimbo ukaja, na Lazarus akaisikia hata harufu ya ule ukumbi, nyama choma na poda. Gitaa zikashushwa. Kikasikika kiatu kwenye mbao, kisha sauti ya kiongozi wa bendi, karibu kabisa.

"Ni ya nani?"

"Ya Lazarus Ojwang."

"Wa wapi?"

"Wa... andika Gem."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka nje. Anaogopa huyo msichana, yule wa gauni ya kijani, Adero wa Alego. Wewe sema tu vile nimekuambia, nalipa mimi."

"Amekutuma?"

"Hajui kitu."

Kisha Gakuru akacheka, kicheko chake kilichoanzia puani na kuishia tumboni. Lazarus alikuwa amejiandaa kwa yale maneno, hakuwa amejiandaa kwa kicheko. Gakuru alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa sukari. Lazarus alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza hadi shambani kwake Entarara, udongo mwekundu umemjaa kwenye viatu, na hata siku hiyo hakulia kama alivyolia sasa kwa fundi wa simu saa mbili asubuhi.

Ngigi akajifanya anatafuta chaja. Alipoona mzee ametulia, akasema, "Hapo katikati kuna watu wanaongea ongea. Si nikutolee? Ni kitu ya dakika mbili."

"Toa," Lazarus alisema. "Hiyo umetoa maneno ndiyo umtumie Beverlyne. Ile nzima niwekee hapa." Akatoa flash ndogo mfukoni.

Mtu mwingine angerudi nyumbani amepumua. Siri imefungwa, wimbo umepona, kila mtu atacheza. Lazarus alirudi nyumbani akapanga viti vya plastiki ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, akavipangua. Alipiga simu tatu akasahau alimpigia nani. Aliigusa ile flash mfukoni kila hatua kumi.

Alhamisi Elsie alimtuma Kajiado. Wanjira, mjane wa Gakuru, alikuwa lazima aalikwe kwa mdomo. Kumwalika kwa ujumbe wa simu, alisema Elsie, ni kama kumwambia asije. Wanjira ndiye anayeliendesha sasa duka la vifaa vya ujenzi waliloanzisha na mumewe baada ya kiwanda, na Lazarus alimkuta nyuma ya kaunta kati ya ndoo za rangi na misumari. Alifurahi. Alimtengenezea chai, akamvutia kiti.

"Nitakuja, shemeji. Hata angekuwa yeye angekuja mbio. Si mnajua alikuwa anajisifu eti ndiye aliwaoanisha?"

Lazarus akameza chai moto. "Alikuambia hivyo?"

"Kila siku. Lakini ukimuuliza aliwaoanisha aje, anacheka tu, hasemi." Wanjira akapangusa kaunta iliyokuwa safi. "Na hiyo kucheka kwenyewe, sasa imeanza kunipotea. Picha niko nazo nyingi. Sauti ndiyo sina. Zilikuwa kwa simu yake, zile za kunitumia akiwa njiani, ikaibiwa hapa sokoni mwezi wa nne. Juzi nimejaribu kukumbuka vile alikuwa anacheka nikashindwa. Nimekaa hapa, na mteja amesimama, nikijaribu."

Lazarus aliiacha chai nusu. Alisema ana haraka, akaenda zake bila kuaga vizuri. Njia nzima ya kurudi aliiminya flash kwenye kiganja hadi ikamwachia alama.

Alifikiria mambo mawili tu, akiyageuza huku na huku. La kwanza, Gakuru: mtu huyo hakuwahi kumsaliti, hata mkewe hakumwambia, na malipo yake ni kufutwa kwa dakika mbili na Ngigi. La pili, Adero. Alikumbuka mwaka baba yake alipokufa, ndugu zake walipomweka kitako Ugenya wakitaka mkewe aache kazi aje akae bomani. Lazarus alikuwa mwoga tangu utotoni, lakini alisimama mbele yao wote akasema Adero haachi kazi. Alisema kwa sababu ndivyo yule mtu wa kwenye kanda angesema. Miaka thelathini amekuwa akijaribu kuwa yule mtu, na Jumamosi, ile nzima ikipigwa, mkewe angesikia kwamba mtu huyo hakuwepo ukumbini.

Jumamosi alasiri hema lilijaa. Walikuja watu wa jumuiya ya kanisa, wazee wa kiwandani, majirani. Wanjira alikaa safu ya mbele na sahani yake mapajani. Beverlyne aliketi nyuma ya kompyuta na spika mbili kubwa, akiwapigia wazee rumba na vijana amapiano, na kila mtu alikuwa anashangaa kwamba nyimbo zinaisha. Kisha Elsie akasimama, amevaa kijani, akaisimulia siku ile ya Athi River kwa mara ya mia na moja.

"Na huyu si mtu wa Gem," alimaliza, watu wakicheka tayari. "Alinipenda mpaka akasahau kwao. Bev, weka."

Lazarus alikuwa ameshasimama. Alizunguka viti, akagonga meza, akafika kwa bintiye.

"Si hiyo. Weka hii."

"Dad, ni ile ile tu."

"Weka hii, mama."

Wimbo ukaanza. Wazee wa kiwandani wakainuka kucheza. Gitaa zikashushwa, na badala ya kiongozi wa bendi kupaza sauti, kikasikika kiatu kwenye mbao. "Ni ya nani?" "Ya Lazarus Ojwang." Spika za Beverlyne zilikuwa nzuri mno, kila neno lilifika hadi kwenye jiko la kuni kule nyuma. Wa Gem. Ametoka nje. Anaogopa. Nalipa mimi. Hajui kitu. Wanjira aliweka sahani chini kwenye nyasi, akaweka mikono yote miwili kinywani. Kisha mumewe akacheka, puani hadi tumboni, mzima kabisa.

Beverlyne alikimbilia kuzima. Mama yake akainua mkono, akaacha mashine za saruji zijizime, akaacha ukumbi wa zamani ulipuke. Ndipo akasema, "Simamisha hapo."

Elsie hakuwa anatabasamu.

"Kwa hivyo ulikuwa nje."

"Nilikuwa nje. Nilikuwa nimefika langoni."

"Ulikuwa unaenda?"

"Nilikuwa naenda."

"Nikamwacha mwalimu wa watu," Elsie alisema polepole, kama anayejisomea barua, "kwa maneno ya Gakuru." Aliumia, na kila aliyekuwa pale aliona ameumia. "Na siku ile ya ndugu zako, kule Ugenya. Hiyo nani alikulipia?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu alikuambia useme?"

"Hakuna."

Elsie akavuta kiti, akaketi, akalikunja gauni lake magotini kama mtu anayejiandaa kusikiliza.

"Haya. Gitaa zimeshushwa. Hapa ndipo mtu husema, na wimbo hauendelei mpaka aseme."

Lazarus alitazama lango lake mwenyewe, lilikuwa wazi na halikuwa mbali. Miguu yake iliwaka kwa hamu ya kwenda. Alifuta mikono kwenye suruali. Sauti ilipotoka haikuwa na mashine wala saruji.

"Mimi Lazarus Ojwang. Wa Ugenya." Akamgeukia mkewe. "Nasema Adero, binti ya Alego, siku ile niliogopa utanikataa. Hata leo bado naogopa. Gakuru alisema kwa niaba yangu, na sikumshukuru mbele ya watu akiwa hai. Hayo mengine yote ya miaka thelathini nilisema mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Elsie alikaa hivyo hivyo, midomo imebana, halafu akamwashiria Beverlyne kwa kichwa, na wimbo ukarudi. Gitaa zikaanza kupanda. Mkono wa Lazarus ulikwenda wenyewe kwenye kompyuta, kama kawaida yake, na Elsie akaudaka njiani, akamketisha kwenye kiti cha karibu, akaubana mkono huo kwenye goti lake hadi Lazarus akaisikia pete ya mkewe.

Huko mbele kulikuwa na dakika nne nzima. Gitaa mbili zilifukuzana, ya tatu ikaingia ambayo alikuwa ameisahau, na mwishoni mpiga ngoma akagonga mara mbili, mtu akakohoa, kanda ikakwisha.

Wanjira ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa bado hajaiokota sahani yake.

"Bev, mwanangu," alisema, "rudisha nyuma kidogo. Pale anacheka."